Jina Nililolikosea Mbele ya Kamera

Ninyi vijana wa mtaa wa Mushasha mnaokuja kwangu kila Jumamosi na simu zenu, mnanikuta nachambua mboga za lengalenga, mnaniambia, "Mama Feza, endelea tu, tunakuchukua hivyohivyo," nimewasikia. Mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi ya kuigiza filamu. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, miguu yangu haitaki tena kusimama juani nusu siku ikisubiri wingu lipite. Pili, juzi nilimwona mmoja wenu anaigiza mtu anayekula, na alikuwa anakula kweli. Nikasema hapana, huyu ataumia.

Basi tuanzie hapo. Ukiigiza unakula, usile. Kata tonge dogo, lifikishe mdomoni, tafuna polepole, ongea. Mimi hakuna aliyeniambia. Siku yangu ya kwanza niliwekewa sahani ya ugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na kwa kuwa asubuhi hiyo sikuwa nimekunywa hata chai, nikaimaliza yote. Nikajua kazi imekwisha. Kumbe mwongozaji anasema turudie. Sahani ikajazwa tena. Tulirudia mara tisa kwa sababu jogoo wa jirani alikuwa hataki kunyamaza, na kila mara mimi namaliza sahani, maana nilivyolelewa, kuacha chakula ulichowekewa mbele ya watu ni kumtukana aliyepika. Mara ya kumi nilitakiwa kumwambia mwanangu wa kwenye filamu, "Tangu jana sijatia kitu tumboni." Nilipofungua mdomo, nikabeua. Mpiga picha alicheka hadi kamera ikatikisika. Ile sentensi wakaiondoa, na mimi nikalala siku mbili bila kutaka kuona ndagala.

Mwongozaji huyo alikuwa Déo, na ndiye aliyenitoa sokoni. Nilikuwa na meza ya vitenge katika soko la Gitega. Nilitoka Uvira, Kongo, nikiwa bado kijana, nikavuka mpaka nikikimbia vita, na mwanangu Byamungu mgongoni, na nilichojua kufanya ni kuuza nguo na kujitetea kwa maneno. Siku moja mama mmoja aliniletea kitenge alichokuwa amekivaa arusi nzima, pindo lina mchuzi wa mbuzi, akitaka nimbadilishie. Nilimpa ukweli wake, na upande wetu wote wa soko ukaacha kuuza ili usikilize. Nilipomaliza, bwana mmoja mwembamba mwenye miwani akanisogelea.

"Mama, iyo hasira yako, unaweza kuirudilia kesho?"

"Kesho ule mama atarudi?"

"Non, non. Tutakupatia mama mwingine."

Nilidhani ni kichaa. Lakini kesho yake nilikwenda, kwa udadisi tu, na sikutoka tena katika kazi hiyo mpaka nywele zilipokuwa nyeupe.

Déo hakuwa mwalimu mpole. Aliweka jiwe dogo kwenye vumbi na kuniambia, "Mguu wa kuume unafika pale, na macho haiangalie chini." Ni rahisi kusema. Nilifanya mazoezi nyumbani kwa kipande cha kuni, naingia mlangoni, nakitafuta kwa kidole cha mguu huku nikitazama ukuta, mpaka Byamungu, aliyekuwa wa shule ya msingi wakati huo, akaniuliza kama nimeanza kupofuka. Ninyi siku hizi mnasema simu itamfuata mtu popote aendapo. Sawa, itamfuata. Lakini mwigizaji asiyejua asimame wapi huonekana tu, hata mkimfuata mpaka chooni.

Na kulia. Nimewaona na vitunguu vyenu. Kitunguu kinakupa macho mekundu na pua ya mtu mwenye mafua, basi. Mimi nilikuwa nakumbuka kandambili moja ya Byamungu iliyobaki upande wa pili wa mpaka, wakati nyingine ilikuwa mguuni kwake. Ukijaribu kulilia vita vyote, hakitoki kitu, maana ni vikubwa mno. Tafuta kandambili yako. Na kitenge, kumbukeni fundo lilikuwa upande gani. Kuna filamu yangu ambayo ninaingia nyumbani fundo liko kushoto na kutokea upande wa pili fundo liko kulia, na mpaka leo wapo wanaoniuliza nilifanya nini humo ndani.

Zamani tulikuwa na kamera nzito ya kanda, na jenereta tuliificha nyuma ya migomba, mbali, ili isisikike. Waya ulipita katikati ya shamba, na kila mtu aliyejikwaa hapo alizima filamu nzima. Mwanga tuliurudisha usoni kwa kadibodi iliyobandikwa karatasi ya kung'aa. Ninyi kamera yenu inaingia mfukoni, nawaonea wivu kwa hilo. Ila kamera yetu haikuwahi kuita katikati ya msiba, na anayepiga ni mama yako anauliza kama utarudi na mafuta ya kupikia.

Sasa niwaambie nilichokuwa nikikitaka, kwa sababu habari yangu yote iko hapo. Kwa miaka mingi nilipewa kuwa mtu wa kuja. Nilikuwa mfanyabiashara anayepunja, jirani mwenye mdomo, mganga mwenye shanga shingoni. Palipohitajika mwanamke wa kucheka kwa sauti ya kuangusha bati, walisema muiteni Feza. Sikukasirika sana, maana wabaya ndio wanaokumbukwa, na mganga nilimfanya vizuri hata kuna aliyekuja nyumbani kwangu kutaka dawa ya mume. Lakini nilitamani, hata mara moja, kuwa mama wa mtu. Mama wa hapa, anayekaa kwenye kiti chake akasalimiwa na ukoo wa watu wengine. Nilikuwa sijawahi kusalimiwa hivyo, si katika filamu, si nje yake.

Ndipo ikaja kazi ya Muyinga, mji ulio njiani kwenda Tanzania. Filamu ilikuwa na siku ya kuomba mke, gusaba. Mnaijua, lakini naandika pia kwa wasioijua. Koo mbili zinakaa kwenye mabenchi zikitazamana, kila upande una msemaji wake, wanapimana kwa maneno na utani, pombe ipo katikati, na mwishoni ndipo binti anakubaliwa. Aliyepaswa kuwa mama wa bwana arusi aliugua malaria siku mbili kabla. Ndani ya gari Déo alituangalia mmoja mmoja, akanifikia mimi akashusha pumzi.

"Mama ya bwana arusi haongeake," akasema. "Anakaa, anavaa muzuri, anatikisa kichwa. We utaweza kunyamaza?"

"Nitajaribu."

Gari zima lilicheka. Mimi nilikuwa na furaha hata nikasahau kuteremka tulipofika.

Msemaji wa upande wa binti hakuwa mwigizaji. Alikuwa Mzee Bucumi, mkulima wa mlima uleule tuliopigia picha. Alikulia Tanzania, akarudi Burundi akiwa na mvi, na watu wa pale walimtegemea katika gusaba zao zote. Déo alimtaka kwa sababu ya sauti yake. Binti alikuwa Nadine, mwanafunzi kutoka hapahapa Mushasha, ambaye Mzee alikuwa amemwona kwa mara ya kwanza saa mbili asubuhi hiyohiyo. Na bwana arusi katika filamu aliitwa Thierry. Likumbukeni jina hilo, mimi nililisahau.

Betri zilikuwa zimebaki chache. Déo akaeleza: upande wa mume wanaomba, Mzee anasema tumekubali, watu wanapiga makofi, tunahamia mahali pengine. Kamera ikawaka. Msemaji wetu akaomba. Mzee Bucumi akafikiri, akasema, "Hapana."

Déo akasimamisha. "Mzee, hapa unasema ndiyo."

"Nitasema, lakini si sasa. Watu wameketi sasa hivi tu, nami nimtoe mtoto? Watasema ana kasoro."

"Mais Mzee, hii ni sinema!"

"Sinema sawa. Hata kwenye sinema, binti wa watu hatolewi kama kuku wa sokoni."

Mara ya pili, hapana. Mara ya tatu alimuuliza msemaji wetu maswali kuhusu ng'ombe ambayo hakuna aliyeyaandika, na mwigizaji wa watu akamgeukia Déo amnong'oneze majibu. Pombe ya ndizi iliyokuwa katikati ilikuwa ya kweli, hivyo wanakijiji walioitwa kujaza mabenchi walizidi kufurahi kila tuliporudia. Déo alikuwa ameshika kichwa. Betri ya mwisho ikawekwa.

Mara ya nne Mzee alimwacha msemaji wetu akamaliza, kisha akanigeukia mimi.

"Huyu mama aliyekaa kimya tangu asubuhi. Binti yangu atapika jikoni kwake. Mama, wewe ni nani? Ndugu zako wako wapi? Na huyu mtoto nani atampokea?"

Nyuma ya kamera Déo alinipungia mikono ninyamaze. Niliiona mikono. Lakini hakuna mtu katika nchi hii aliyewahi kuniuliza swali hilo, mimi ni nani, akasubiri jibu. Nikasimama.

"Baba, mi siko mtu wa hapa. Nilivuka na mtoto kwa mgongo, na sufuria moja. Siko na kaka, siko na shangazi wa kukuonyesha. Niko peke yangu kwa hii benchi. Lakini kwa nyumba yangu mtoto ya mtu hajalala na njaa, ata siku moja. Byamungu anajua. Muulizeni Byamungu."

Hakuna aliyecheka. Mzee Bucumi akasema, "Nimekaa ugenini zaidi ya nusu ya maisha yangu. Mtu anayepokea mtoto wa wenzake namjua nikimwona. Tumekupa, mama." Akanisogezea pombe na mrija wake. Nadine alikuwa analia, na hakuna aliyemwambia alie.

Déo akasimamisha kamera kwa kelele, "Coupez!" halafu akanijia mbio. "Muzuri, muzuri sana, mama! Lakini Byamungu ni nani?"

Hapo ndipo nilipojua. Tungerudia, lakini taa nyekundu ya kamera ilikuwa imezimika na betri imekwisha. Ikabaki hivyohivyo. Katika filamu nzima kijana anaitwa Thierry, isipokuwa kwa mama yake, siku ya kuombewa mke. Watu wa pikipiki hapa Gitega walinisumbua miaka kwa jambo hilo. Nikipita tu: "Mama Byamungu! Na Thierry hajambo?" Siri ya kazi ni hiyo, wanangu. Nilitaka kuwa mama wa mtu, na nilipopewa nafasi nikawa mama wa mtu wangu. Msinifuate katika hilo, karirini jina la mwana mliyepewa.

Baada ya hapo, kila nilipokwenda Kobero mpakani kufuata vitenge, maana biashara sikuiacha, niliteremka Muyinga kumpelekea Mzee Bucumi sukari na sabuni. Alinipokea kwa kelele: "Mkwe wangu! Binti anaendeleaje huko?" Nami najibu, "Anakula vizuri, baba, amenenepa." Tulicheka hivyo miaka na miaka, na mimi nikaamini ni utani tu.

Byamungu akakua. Akawa dereva wa lori la mizigo, njia hiyohiyo ya Kobero. Akampenda Clarisse, binti wa mwalimu mmoja wa hapa Mushasha. Familia ya binti ikatuma neno zuri, la heshima: karibuni, mje na wazee wenu. Nilichukua karatasi niandike wazee wa upande wetu. Nikaandika Feza. Nikabaki nimeshika kalamu.

Gitega nzima ilinijua, watoto waliniimbia njiani, na sikuwa na watu wanne wa kujaza benchi. Niliumia, siwafichi. Nikaogopa zaidi kwa ajili ya mwanangu, kwamba watamwona ni mtu asiye na kwao na kumnyima. Byamungu akasema, "Mama, twende wawili tu." Nikamfokea. Kisha nikafanya jambo ambalo ni mwigizaji peke yake angelifanya. Nikatafuta waigizaji.

Msicheke, au chekeni. Nilimwita Déo awe kaka yangu mkubwa na msemaji. Nilimwita Zakaria, mwigizaji mwenzangu mwenye tumbo la heshima, awe mjomba, na wengine wawili wa kutikisa vichwa. Tulifanya mazoezi sebuleni kwangu Jumamosi mbili. Déo aliandika maneno. Zakaria, ambaye hajawahi kufika Uvira, alitunga jinsi tulivyochota maji ziwani tukiwa wadogo, na aliyaeleza hayo vizuri hata mimi nikaanza kuyakumbuka.

Siku ikafika. Tukaketi nyumbani kwa kina Clarisse, karibu na shule. Déo akafungua kwa Kirundi safi, benchi la wenzetu likatikisa vichwa kwa kuridhika, nikaanza kupumua. Mara shangazi wa Clarisse akasimama nusu, akanyoosha kidole.

"Ee! Uyu si ule mwizi wa ng'ombe wa ku televisheni?"

Alikuwa yeye. Zakaria ameiba ng'ombe katika vipindi visivyo na hesabu. Mtoto mmoja akaongeza kwamba Déo naye alikuwa padri mlevi humohumo. Kicheko kililipuka kote, kisha kikafa kidogo kidogo, maana baba mdogo wa Clarisse, msemaji wao, hakuwa anacheka. Alisema kwa Kirundi, nami nawaandikia kwa Kiswahili, "Mama, tumekuheshimu. Hawa ni ndugu zako?"

Nilimtazama Byamungu. Alikuwa ameinamisha kichwa, na masikio yake yalikuwa yanawaka. Ningeweza kudanganya, nina kipaji. Zakaria alikuwa tayari ameshafungua mdomo aanze habari za ziwa. Nikamshika goti.

"Hapana," nikasema. "Ni wenzangu wa kazi. Ndugu sina. Niliona aibu kuja na benchi tupu."

"Kwa hiyo hakuna anayeweza kukusemea?"

"Yupo," akasema mtu huko nyuma kabisa, kwenye viti vya wageni.

Alikuwa Mzee Bucumi, na kofia yake mkononi. Byamungu alikuwa amesimamisha lori Muyinga na kumweleza siku, bila kuniambia. Mzee alikuwa amepanda basi la kwanza.

"Mbona umekaa huko, baba?" nikamuuliza.

"Nimefika nikaona benchi limejaa. Nikasema, Mungu mkubwa, ndugu zake wamevuka." Akajongea mpaka katikati, akamgeukia msemaji wao. "Mimi si ndugu yake. Mimi ni mkwe wake. Nilimpa binti yangu nikiwa na akili zangu, mbele ya watu, kule Muyinga. Nimekuja kusema jinsi alivyomtunza."

"Na binti huyo yuko wapi?"

Hilo Mzee hakuwa amelipanga. Lakini kwenye benchi la wenzetu, katikati ya ukoo wa Clarisse, mwalimu mmoja aliyefundisha shule moja na baba wa Clarisse akasimama, na mtoto begani. Alikuwa Nadine.

"Niko hapa, baba," akasema. "Alinitunza. Siku ile nilikuwa na baridi, akanifunga kitenge chake, na mpaka leo hajanidai."

Wanangu, nimeigiza miaka mingi, sijawahi kusikia watu wakicheka namna ile. Shangazi mwenyewe alikaa chini akifuta macho. Zakaria alisogea, Mzee akaketi penye nafasi, na baba mdogo alipopata pumzi akakunja uso, akasema kwamba hayo yote ni mazuri, ila Clarisse bado ni mdogo, ana kazi nyingi nyumbani, jibu ni hapana.

Mzee Bucumi akanipiga kiwiko. Uso wake wote uling'aa. "Sasa hawa ni watu," akaninong'oneza.

Akamjibu, akajibiwa, akakataliwa tena, akajibu tena, na Déo aliyekuwa ameandika kurasa sita akazikunja na kuzikalia. Jua lilikuwa limefika juu ya paa la shule pale baba mdogo alipomwacha Mzee na kunigeukia mimi.

"Mama, binti tunakupa wewe mwenyewe. Taja jina la mwanao, watu wote wasikie."

Nikasimama. Hapakuwa na jiwe la kuniambia mguu ufike wapi. Déo alikuwa amefunika macho kwa mikono miwili.

"Byamungu," nikasema.

Nikakaa. Déo akaondoa mikono usoni, miwani yake imelowa, akanikaribia sikioni.

"Iko muzuri, mama. Haturudilie."